Foleni ya Kukaa

Mara ya kwanza kutumwa kuupima ukumbi ule wa mapokezi nilikwenda na utepe wa kupimia, penseli, ubao wa kuandikia na hasira. Hasira nilitoka nazo nyumbani, na nitazieleza. Jengo lenyewe lilikuwa la umma, la orofa nyingi, katikati ya jiji la Nairobi, na sitalitaja kwa sababu halikuwa tofauti na mengine ya aina yake. Watu walifika pale kufuata mafaili: ya mashamba, ya marehemu, ya majina yaliyokosewa na karani ambaye alishastaafu. Ukitoka barabarani ulipanda ngazi za mawe, ukasukuma mlango mzito wa chuma, kisha ukajikuta mbele ya kaunta ndefu iliyomfika mtu mzima kifuani. Juu ya kaunta kulikuwa na kioo, na kwenye kioo tundu la mviringo. Ili karani akusikie ilibidi uiname na kuweka mdomo penye tundu kama unayepuliza moto wa makaa.

Kati ya mlango na kaunta kulikuwa na mabenchi. Nayaeleza vizuri kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nayo. Kwetu Nairobi, katika ofisi za serikali na zahanati, foleni hupigwa watu wakiwa wamekaa. Unaingia, unakaa kando ya mtu wa mwisho. Wa kwanza akiitwa dirishani, kila mtu anainua makalio kidogo na kusonga nafasi moja. Benchi likiisha unasimama, unazunguka, unakaa mwanzo wa benchi linalofuata, na kusonga kunaendelea. Mbao za mabenchi yale zilikuwa zimeng'arishwa na sketi na suruali za watu hadi ukikaa vibaya unateleza. Hakuna aliyepewa namba. Kila mtu alimjua aliye mbele yake na aliye nyuma yake, na hiyo ilitosha.

Hasira zangu zilihusu faili mojawapo lililokuwa nyuma ya kaunta hiyo. Lilikuwa la marehemu baba yangu, na humo mlikuwa na shamba letu la Ukambani, ambalo lilitakiwa liandikishwe kwa jina la mama.

Mama, ambaye sisi tunamwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kiharusi kilimpata si muda mrefu baada ya kumzika baba, nami nikamleta kwangu Kinoo. Kilimchukua mkono na mguu wa kulia na kumvuta mdomo upande. Akili hakikuigusa. Ila maneno yalimtoka polepole, moja moja, na nilikuja kugundua kwamba watu wengi hawawezi kungoja sentensi ya mtu iishe. Wanaimalizia wenyewe, kisha wanaijibu wenyewe, halafu wanaondoka wakisema wamezungumza na mgonjwa.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ndiye aliyetupeleka pale kwa gari lake kufuata lile faili. Kwenye ngazi masoja wawili wa kulinda mlango walimnyanyua Mwaitu pamoja na kiti chake cha magurudumu, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakihesabu kwa sauti kama wanaopakia kabati. Kiatu chake kimoja kilianguka barabarani. Ndani walimpitisha mbele ya watu wote hadi kwenye kaunta, na kaunta ikamficha kabisa, kwa hiyo karani akamwona baba mdogo tu.

"Mgonjwa anasikia?" karani akauliza kupitia tunduni.

"Anasikia kidogo," baba mdogo akajibu, na huyu ni mtu aliyejua wazi kwamba shemeji yake husikia hata mazungumzo ya jirani kupitia ukutani.

Waliendelea kuzungumza juu ya kichwa chake, wakiulizana umri wake, kama anaweza kushika kalamu, kama ana watoto wa kiume. Walipoteremsha karatasi ili atie sahihi, Mwaitu alifunga mdomo na kuuweka mkono wake mzima, wa kushoto, chini ya paja. Karani akasema mgonjwa amekataa, turudi siku nyingine. Ndani ya gari, tulipokuwa tukipita Westlands, ndipo alipoongea.

"Sibebwi tena," alisema. "Nitarudi… siku nitakayoingia… mwenyewe."

Baba mdogo si mwizi, na sitaki msomaji amfikirie hivyo. Ni mtu wa aina ile ambaye akimwona mgonjwa humnyang'anya kila kitu mkononi, hata kijiko. Baada ya siku hiyo alikuwa akija Kinoo na ndizi pamoja na karatasi ya kumpa yeye mamlaka ya kushughulikia shamba kwa niaba ya mama. Alikuwa tayari amemtafuta mtu wa kulikodi.

"Shemeji, weka kidole tu hapa, mimi nitakufanyia kila kitu," alimwambia.

"Kesho," Mwaitu alijibu kila mara.

Lakini kesho haiwezi kusogezwa milele. Asipokwenda mwenyewe ingebidi aweke kidole, na akishaweka kidole, shamba na kila neno kulihusu lingekuwa la baba mdogo. Yeye alilijua hilo na mimi nililijua. Baba mdogo alidhani tunamchelewesha tu.

Basi kampuni niliyofanyia kazi ikapewa kazi ya kuupanga upya ukumbi uleule. Sikushangaa sana. Nairobi ni kubwa, ila kazi za majengo ya umma huzunguka katika mikono michache. Nilikuwa mchora ramani katika ofisi ya msanifu majengo mmoja kule Upper Hill, ndani ya nyumba ya zamani ya vigae iliyobaki peke yake huku minara ya mabenki ikijengwa pande zote, hata chai yetu ilikuwa na ladha ya saruji. Bosi wangu alikuwa Kalasinga, Mhindi mzaliwa wa Ngara, mzee mrefu mwenye kilemba cha samawati, mkali juu ya michoro na mpole juu ya mambo mengine yote. Sikumwambia habari za mama. Ofisini kwetu mambo ya nyumbani yalibaki nyumbani, na mimi nilipenda iwe hivyo.

Kikao cha kwanza kilisimamiwa na afisa utawala wa lile jengo, bwana nadhifu aliyelipenda neno "kisasa" kuliko maneno mengine yote.

"Mimi nataka mtu akiingia hapa ajue tuko karne mpya," alisema. "Hizi benchi zinatuaibisha. Watu wanasukumana hapa kama wako kanisani siku ya Krismasi."

"Benchi toa yote," bosi wangu alisema. "Sisi taleta kiti ya mtu moja moja, na mashine ya namba. Mtu nachukua namba, nakaa popote, nangoja. Iko safi."

Wote wakatikisa vichwa kukubali, na mimi pia, maana lilikuwa wazo zuri kwenye karatasi. Sheria ya watu wenye ulemavu ilikuwa imepitishwa miaka michache nyuma na kila ofisi ya umma ilitaka kuonekana inaitii, kwa hiyo nilipewa ruhusa ya kufanya mengi. Niliishusha kaunta mpaka usawa wa meza ya kulia chakula. Nikaondoa kioo. Mlango mzito ukageuka kuwa mpana na mwepesi. Karibu na kaunta tukatenga mahali pa viti vya magurudumu, sakafu ikapakwa rangi ya buluu, na afisa akapenda sana ile buluu.

Njia ya mteremko ya kupandia kutoka barabarani niliichora mwenyewe na sikumruhusu mtu kuigusa. Kontrakta alitaka kuifupisha, kwa sababu kwake mteremko ni mteremko. Nilimwambia aingie ndani ya wilbaro na asukumwe kuipanda ile aliyoanza kuijenga. Alidhani namtania. Nilimshikia wilbaro. Kibarua akasukuma, wilbaro ikafika nusu, ikarudi nyuma na bosi wake ndani, na watu waliokuwa wakipita barabarani wakapiga makofi. Kontrakta alishuka, akapangusa suruali, akauliza niseme tena nilitaka irefushwe hadi wapi.

Ukumbi ulipofunguliwa ulipendeza kweli. Viti vilikuwa vya plastiki ya kijivu, vimefungwa sakafuni kwa safu, kila kimoja na mikono yake. Mashine ya namba ilisimama karibu na mlango, na juu ya kaunta palikuwa na kibao chenye taa nyekundu. Bosi alinituma nikae pale siku za mwanzo nitazame kama kila kitu kinafanya kazi. Nilikaa nyuma na daftari langu la michoro. Nilichokiona kilinichekesha kwanza, halafu kikanikera, halafu kikanichekesha tena.

Watu waliingia, wakachukua namba kwa sababu soja aliwaambia wachukue, wakaitia mfukoni na kuisahau. Kisha wakaenda kukaa kando ya mtu wa mwisho. Wa kwanza alipoinuka, wote walisonga. Kwa kuwa viti vilikuwa na mikono, kusonga kulimaanisha kusimama, kuruka mkono wa kiti na kukaa tena, kwa hiyo kila baada ya muda mfupi safu nzima iliinuka na kuketi, wakisonga kiti kimoja kimoja, wazee wakilalamika magoti. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Ukumbi ungekuwa na mawe badala ya viti, wangesonga juu ya mawe.

Kibao kikaanza kuita namba. Mwenye namba iliyoitwa alikuwa katikati ya safu, na aliyekaa kiti cha kwanza alikuwa na namba ambayo zamu yake bado, maana soja alimrudisha kuchukua namba akiwa ameshakaa. Wote wawili wakafika kaunta pamoja.

"Namba yangu ndiyo hii imeitwa," mmoja alisema.

"Na mimi nimesonga kutoka huko nyuma ukiniona," mwenzake akajibu. "Namba ni karatasi tu, bana. Si ulikuwa nyuma yangu?"

"Nilikuwa nyuma yako, ndio, lakini…"

Alishindwa kumaliza, maana kwa kusema hivyo alikuwa ameshakubali kushindwa. Watu waliosonga walimtazama vibaya. Karani akamhudumia wa kiti cha kwanza, na kibao kikaendelea kuita namba zake peke yake kama redio iliyoachwa chumbani. Afisa utawala alishuka ngazi mara kadhaa kuwahutubia watu juu ya ukisasa. Walimsikiliza kwa adabu, na alipomaliza walisonga.

Hayo niliweza kuyacheka. Sehemu ya buluu haikunichekesha. Aliletwa mzee mmoja wa magongo na soja akamketisha pale, mahali pa heshima, karibu na kaunta kuliko wote. Safu ilikuwa upande ule, yeye upande huu. Watu wa safu walipishana, wakaulizana habari, wakashikiana nafasi mtu alipotoka kupokea simu. Mzee hakuwa akimfuata mtu yeyote na hakuna aliyemfuata yeye. Makarani walimaliza mtu, wakamwita mwingine kutoka safuni, na mzee akabaki amekaa pale kwenye buluu yake akitazama magongo. Baadaye sana soja alimkumbuka, akashtuka, akapaza sauti: "Jameni, wacheni huyu mgonjwa apite!" Watu wakapisha haraka, kwa roho safi kabisa. Mzee akapita mbele yao wote akiinamisha kichwa, kama mtu anayeomba radhi.

Jioni nilimsimulia Mwaitu tukila. Nilimwigizia wale watu wakiruka mikono ya viti, naye akacheka kwa upande ule wa mdomo unaocheka. Nikamwambia pia kwamba sasa anaweza kwenda, njia ya mteremko iko tayari, kaunta iko chini, na kuna mahali pake maalumu pa buluu. Akaacha kucheka.

"Hapo… unakaa na nani?" aliuliza.

"Peke yako. Ni pa viti vya magurudumu."

Alitafuna chakula chake taratibu. Mimi nilingoja, kwa sababu nilishazoea kungoja.

"Peke yangu nimekaa," alisema. "Hospitali. Hapa. Sasa… mpaka kwa serikali?"

Nilimkasirikia kidogo, ukweli usemwe. Nilikuwa nimepigania kila hatua ya ule mteremko. Lakini usiku huo nilikuwa na yule mzee wa magongo akilini, na niliona kwamba Mwaitu hana makosa. Tulikuwa tumemjengea mtu njia ya kuingia, kisha tukampeleka kando ya foleni. Kwetu hapa mtu aliye kando ya foleni ni wa kuhurumiwa, na anayehurumiwa huzungumziwa juu ya kichwa chake. Angefika kwenye kaunta ile mpya ya chini na bado karani angemuuliza baba mdogo kama mgonjwa anasikia.

Asubuhi nilimwambia bosi turudishe mabenchi. Aliweka kikombe chake chini.

"Wewe napenda kuharibu kazi yangu?" alisema. "Sisi tatoka benchi, sasa tarudi benchi?"

Nilimweleza juu ya kusonga, juu ya mikono ya viti, juu ya yule mzee. Hakuamini. Basi nikamwomba aende mwenyewe akapige foleni kama mwananchi, asijitambulishe. Alikwenda, nadhani kwa sababu tu ya ubishi. Alirudi mchana, kilemba kimeenda upande kidogo. Alikuwa ameketi kati ya mama mmoja wa Kabiria na dereva wa lori, na wakati wa kusonga kutoka nyuma hadi mbele alikuwa ameambiwa habari za mazishi mawili, kesi ya mpaka wa shamba na dawa ya mgongo. Alipofika mbele karani alimuuliza anataka nini, naye hakuwa na faili la kufuata, ikabidi arudi nje. Wale wawili walimpigia kelele karani kwamba huyu mzee amengoja kama wengine, asifukuzwe.

"Ile watu nanitetea," aliniambia, na alionekana ameguswa. "Hata hawanijui. Basi, chora."

Nilichora. Mabenchi yalikuwa hayajauzwa, yalikuwa yamerundikwa kwenye ghala la chini. Tuliyakata miguu ili yalingane na kiti cha magurudumu, tukayapiga msasa, tukayapanga yakifuatana pasipo kona wala mikono hadi penye kaunta yenyewe, ili aliyefika mwisho asihitaji kusimama. Pembeni mwa mabenchi tuliacha njia pana, ili asiyeweza kuhamia benchini aende na kiti chake ubavuni mwa mtu anayemfuata, akisonga wanaposonga wengine. Rangi ya buluu tuliifuta. Mashine ya namba ilichomolewa, na soja akaanza kuitumia kuwekea kofia yake. Afisa utawala alisema tumerudi karne ya nyuma. Lakini ugomvi kwenye kaunta ulikwisha na watu wakahudumiwa haraka zaidi, kwa hiyo baada ya muda alianza kuwaambia wageni kwamba lilikuwa wazo lake.

Nyumbani nilimwambia Mwaitu kwamba mabenchi yamerudi, naye akaanza kufanya mazoezi ya kuhamia kutoka kwenye kiti chake hadi kwenye kochi, na kutoka upande mmoja wa kochi hadi mwingine. Hakuniambia ni ya nini na mimi sikumuuliza. Siku moja alisema nimpigie baba mdogo simu alete gari.

Baba mdogo alikuja akiwa na furaha na ile karatasi yake ndani ya bahasha. Alidhani amepata ushindi.

"Nimekuja nayo, shemeji, kama ukichoka njiani unaweka kidole tu, tunamaliza," alisema.

Mwaitu alikuwa amevaa ile suti yake ya kijani ya siku za wazazi shuleni. Alimwonyesha mlango wa gari.

Mjini, chini ya njia ya mteremko, nilishika vishikio vya kiti. "Toa mkono," aliniambia. Alipanda kwa mkono wa kushoto kwenye gurudumu na mguu wa kushoto ukivuta sakafu, kidogo kidogo, akipumzika pale nilipokuwa nimeweka sehemu tambarare ya kupumzikia. Watu walitupita. Baba mdogo alitazama saa yake, akashika kiuno, akatazama saa tena. Mimi nilikuwa na roho juu. Nilikuwa nimeupima mteremko ule kwa penseli na kwa wilbaro, lakini sikuwa nimemwona mama yangu juu yake.

Alipoingia, soja aliruka kutoka kitini.

"Mama mgonjwa, kuja huku mbele! Jameni, pisheni mama!"

Na watu walianza kupisha, kwa wema. Mwaitu aliinua mkono wa kushoto kama alivyokuwa akiinua mbele ya wanafunzi gwarideni, na waliokuwa wakipisha wakasimama walipo.

"Wa mwisho… ni nani?"

Kijana mmoja aliyevaa koti la mvua aliinua mkono. "Ni mimi, mathe."

Mwaitu alisogeza kiti kando yake, akafunga breki, akashika ukingo wa benchi, akahamia. Haikuwa kitu cha kupendeza kutazama, na ilichukua muda. Alipokaa alinyoosha sketi yake. Nikakivuta kiti kitupu hadi ukutani na kusimama nacho.

Mstari ukasonga. Kijana akasonga. Mwaitu akasukuma kwa mkono, akasonga nusu, akapumua, akasukuma tena. Pengo likabaki kati yake na kijana, na hakuna aliyeliziba. Walimngoja alifikie. Mwanamke mmoja aliyebeba mfuko wa sukuma wiki aliingia, akauliza wa mwisho, na Mwaitu akainua mkono. Walianza kuzungumza, sikusikia nini, ila niliona yule mwanamke akimtazama usoni na kungoja. Baba mdogo alijaribu kuketi pembeni yao. Soja akamjia.

"Mzee, wewe uko kwa laini?"

"Niko na huyu mgonjwa."

"Kama hauko kwa laini, simama pale kwa ukuta."

Basi tulisimama ukutani pamoja, yeye na bahasha yake, mimi na kiti. Sijawahi kuwa na furaha namna ile ya kusimama bure.

Zamu ya Mwaitu ilipofika, alikuwa mwisho wa benchi, uso kwa uso na karani. Baba mdogo alimwahi. Alikuwa ameshafika nyuma yake kabla sijasogea, bahasha imefunguliwa. Karani, kijana mgeni kazini, aliinua macho yakapita juu ya kichwa cha mama.

"Ndio mzee. Huyu mama anataka nini?"

Baba mdogo akafungua mdomo.

"Wee, huyo unamuuliza ametoka wapi?" alisema yule mwanamke wa sukuma wiki. "Huyo hakuwa kwa laini. Anayefuata ni huyu mama."

"Ni kweli," kijana wa koti la mvua akasema, akikusanya karatasi zake pembeni. "Alikuwa nyuma yangu kutoka kule mlangoni."

Na nyuma yao sauti nyingine zikaitikia, huyo mzee arudi, huyo mama ndiye. Baba mdogo alitazama benchi zima likimtazama. Akarudisha karatasi ndani ya bahasha, akarudi ukutani. Mimi nilikuwa nalia, na sikutafuta leso.

Karani akashusha macho.

"Pole, mama. Nikusaidie na nini?"

"Nime… kuja," Mwaitu alisema. Mdomo ukavutika, maneno yakakwama, na katika ukumbi mzima hakuna aliyemsaidia. "Nimekuja… kuandikisha… shamba langu."

Karani aliishika kalamu hewani mpaka neno la mwisho likatoka, ndipo akaandika.